Testosteroni imeshuka, sukari inapanda: uanze na sindano au na kitambi?

Chukua mwanamume wa miaka 52 aliyetoka maabara na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza inasema testosteroni yake, ile homoni kuu ya kiume, ni 9.5 nmol/L, sawa na kama 275 ng/dL kwa maabara zinazotumia kipimo hicho kingine. Ya pili inasema HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, ni asilimia 6.2: kisukari hakijaingia ndani, lakini kimeshafika barazani. Kiuno ni sentimita 106. Anachoka mapema, anasinzia akimaliza kula, na hamu ya tendo la ndoa si ile ya zamani.

Mshauri mmoja atamwambia tatizo ni testosteroni: achomwe sindano, misuli irudi, sukari itashuka. Mwingine atamwambia tatizo ni kitambi, kikiondoka mengine yatajirekebisha. Hakuna anayebuni kati yao, kila mmoja ana tafiti za kuonyesha. Ila tafiti hizo hazina uzito sawa, na atakayebeba hasara ya kukosea ni huyu mwenye karatasi.

Ninakoegemea niseme mapema: kwa wanaume wengi wenye sura hii, kitambi kwanza. Lipo kundi dogo ambalo kwao testosteroni ndiyo ya kwanza, na kuwaambia "punguza uzito kisha urudi" ni kuwapotezea muda. Kazi kubwa ya makala hii ni kukusaidia kujua uko kundi gani.

Hodi isiyoitikiwa

Kazi ya insulini ni kubisha hodi. Sukari ikipanda baada ya mlo, kongosho humwaga insulini kwenye damu, nayo hupita kwenye misuli, ini na mafuta ikiziambia seli zifungue. Misuli ndiyo mpokeaji mkubwa wa sukari ya mlo. Kwenye usugu wa insulini, seli husikia hodi lakini huchelewa kuitika, basi kongosho hubisha kwa nguvu zaidi. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi, sukari yake ikionekana ya kawaida huku insulini ikiwa juu mno. Kisukari cha aina ya pili hujitokeza pale kongosho linapochoka kubisha.

Testosteroni inaingia hapa kwa sababu ndiyo inayosaidia kuamua mwili wa mwanamume ujenge nini: misuli au mafuta. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume wanaopewa dawa za kukata testosteroni. Ndani ya miezi michache mafuta huongezeka, misuli hupungua, na insulini inalazimika kupanda ili kufanya kazi ileile. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2006 ulikuta hatari ya kupata kisukari ikiwa juu kwa asilimia 44 kwa waliotibiwa hivyo. Kuna jaribio jingine dogo ambalo mimi huliona la kusisimua zaidi: wanaume waliozaliwa na upungufu wa homoni hii, wanaoishi kwa kutumia dawa, walisimamishiwa dawa kwa wiki mbili tu. Utendaji wa insulini ulidorora hata kabla uzito haujabadilika. Kwa hiyo anayesema testosteroni haina uhusiano wowote na sukari amekosea.

Lakini barabara hii ina njia mbili, na magari mengi yanapita upande wa pili.

Insulini ikiwa juu na ini likijaa mafuta, ini hupunguza kutengeneza ile protini inayobeba testosteroni kwenye damu, ambayo kwenye karatasi ya maabara huandikwa SHBG. Mbebaji akipungua, testosteroni ya jumla inasomeka chini, hata kama ile iliyo huru, inayofanya kazi kwenye seli, bado inatosha. Hiyo ni hatua ya kwanza. Unene ukizidi, ubongo wenyewe unaanza kulegea: tezi ya pituitari, inayotuma homoni ya LH kuziamrisha korodani, haipandishi sauti kama inavyopaswa testosteroni inaposhuka. Korodani ni nzima, amri ndiyo haifiki. Mwaka 2004 watafiti wa Buffalo, New York, waliripoti kuwa karibu theluthi moja ya wanaume wenye kisukari cha aina ya pili waliowapima walikuwa na hali hiyo. Ongeza usingizi unaokatizwa na kukoroma na kubanwa pumzi, jambo la kawaida kwa wenye shingo nene na tumbo kubwa, na picha inakamilika. Huko Chicago, vijana wenye afya waliolala saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja walipoteza asilimia 10 hadi 15 ya testosteroni yao ya mchana. Hao ni vijana, tena bila kitambi.

(Kwa wanawake mambo yamegeuka. Wenye homoni za kiume nyingi kupita kiasi, kama wale wenye ovari zenye vifuko vingi, ndio wanaopata usugu wa insulini. Usimgawie mkeo shauri ulilosoma hapa.)

Kabla ya kuchagua, karatasi isomwe vizuri

Wengi huchagua njia kwa kipimo kimoja kilichochukuliwa saa tisa alasiri baada ya soda. Kipimo hicho hakifai kitu. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana, tena sukari yenyewe huiangusha: wanaume 74 waliponyweshwa glukosi kwenye jaribio la Boston, testosteroni ilishuka kwa wastani wa robo, na baadhi waliokuwa kwenye kiwango cha kawaida wakaonekana wagonjwa kwa muda. Ndiyo maana miongozo inataka damu ichukuliwe asubuhi, kabla ya kula, siku mbili tofauti, na si wakati unaumwa malaria, mafua makali au umetoka kulazwa.

Mipaka nayo inatofautiana. Chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani kinatumia 300 ng/dL, yaani kama 10.4 nmol/L. Ulaya wengi hutazama namba mbili: chini ya 8 nmol/L na una dalili, kuna uwezekano mkubwa tiba itasaidia, juu ya 12, hapana. Katikati ndipo wanapoangukia wanaume wengi wenye kitambi, na katikati ndipo panahitaji vipimo viwili zaidi: SHBG na LH.

LH ndiyo ninayoipa uzito mkubwa kuliko yote. Testosteroni ikiwa chini na LH iko juu, maana yake ubongo unapiga kelele na korodani hazijibu. Labda ziliumia, ziliugua matubwitubwi, zilipigwa mionzi, au kuna tatizo la kuzaliwa nalo kama kromosomu ya X iliyozidi. Huyu hata akipungua kilo 20, korodani hazitafufuka, tiba ya homoni ni haki yake. LH ikiwa chini kabisa, na hasa kama kuna maumivu ya kichwa, kuona kwa shida pembeni au maziwa kutoka kifuani, tezi ya pituitari ichunguzwe kwanza, prolaktini, homoni ya maziwa, ipimwe, kabla ya kuzungumzia kitambi au sindano. Lakini LH ikiwa ya kawaida, SHBG iko chini, na mkanda wa suruali umesogezwa tundu tatu, hapo kitambi ndicho mtuhumiwa wa kwanza.

Uliza pia dawa unazomeza. Dawa kali za maumivu za jamii ya morfini zikitumiwa muda mrefu, na steroidi za kujenga mwili zilizotumiwa kisha zikaachwa, zote hushusha testosteroni. Kwa hawa jibu liko kwenye dawa hizo.

Njia ya kitambi

Hii ndiyo iliyopimwa zaidi kwa upande wa sukari. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2002, lenye watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, liliwapa baadhi yao lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa kidonge bandia. Metformini, dawa inayoheshimika, ilipunguza kwa asilimia 31. Uingereza nako, kwenye jaribio lililotangazwa kuanzia 2017, watu ambao tayari walikuwa na kisukari cha aina ya pili waliwekwa kwenye mlo wa kalori chache sana kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ni asilimia 86.

Testosteroni je? Inafuata uzito. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2013 zilionyesha mlo wa kupunguza uzito huipandisha kwa karibu 3 nmol/L, na upasuaji wa tumbo wa kupunguza unene kwa karibu 9. Mrudie yule bwana wa 9.5: tatu za mlo zinamfikisha 12.5, nje ya eneo la mabishano, bila kuchomwa chochote. Homoni hiyo ni yake mwenyewe, inapanda asubuhi na kushuka jioni kama ilivyoumbwa, na mbegu za kiume zinaendelea kutengenezwa.

Mazoezi nayo yana upendeleo wake. Msuli unaofanya kazi hufungua mlango wa sukari bila kusubiri hodi ya insulini, na baada ya mazoezi hubaki msikivu kwa siku moja au mbili. Ndiyo sababu mara tatu kwa wiki kwa utaratibu ni bora kuliko Jumamosi moja ya kujiua. Ukilinganisha kutembea na kunyanyua vyuma, chukua vyote. Ukilazimishwa kuchagua kimoja huku unapunguza chakula, mimi ningechukua vyuma, kwa sababu anayepungua haraka bila kuvuta misuli hupoteza nyama pamoja na mafuta, na nyama ndiyo ghala la sukari.

Udhaifu wa njia hii unajulikana na kila aliyewahi kuijaribu: uzito unarudi. Ukirudi, sukari inarudi, na testosteroni inashuka tena. Ndipo dawa mpya za kupunguza hamu ya kula zilipobadilisha hesabu. Semaglutaidi ilipunguza uzito kwa takriban asilimia 15 kwa wiki 68 kwenye jaribio lake kubwa la 2021, na tirzepataidi ikafika karibu asilimia 21 kwa dozi ya juu. Nazo ukiziacha, uzito mwingi hurudi, na kichefuchefu kinawashinda wengine. Ila kama umedhamiria kuchomwa kitu na shida yako ni sukari yenye kitambi, hii ndiyo sindano inayogusa chanzo.

Njia ya testosteroni

Tafiti mbili kubwa ziweke bega kwa bega, maana wauzaji hukuonyesha moja tu.

Ya kwanza ni ya Australia, T4DM, iliyotoka 2021. Wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, kiuno sentimita 95 au zaidi, testosteroni isiyozidi 14 nmol/L, sukari iliyoanza kuharibika. Wote, bila ubaguzi, waliingizwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Nusu wakachomwa testosteroni undekanoati ya muda mrefu, nusu sindano bandia. Baada ya miaka miwili, waliokuwa na kiwango cha kisukari kwenye kipimo cha kunywa glukosi walikuwa asilimia 21 kwa sindano bandia na 12 kwa testosteroni. Tofauti hiyo si ndogo, kwani waliofika huko walipungua kwa kama asilimia 40.

Ya pili ni ya Marekani, TRAVERSE, ya 2023. Wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80, testosteroni chini ya 300 ng/dL, wenye ugonjwa wa moyo au hatari yake. Hawa walipaka jeli. Lengo kuu lilikuwa moyo, na hapo habari ilikuwa ya kutuliza: mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikuongezeka, asilimia 7.0 dhidi ya 7.3. Upande wa sukari, matokeo yaliyochapishwa 2024 hayakumfurahisha mtu: jeli haikuzuia wa ukingoni wasiingie kwenye kisukari, na wenye kisukari haikuwashushia HbA1c.

Kwa nini zipingane? Wa Australia walikuwa wanapunguza uzito pamoja na sindano, wa TRAVERSE hawakupewa mpango huo. Sindano ya muda mrefu haina siku ya kusahau, ilhali kwenye TRAVERSE zaidi ya nusu ya washiriki waliacha kutumia walichopewa kabla ya mwisho. Na wa TRAVERSE walikuwa wagonjwa zaidi. Ninavyosoma mimi, testosteroni inasukuma gari ambalo tayari limewashwa. Gari lililozimwa hailitoi mahali. Utafiti mmoja wa 2016 unaonyesha jambo hilo kwa udogo wake: wanaume wenye kisukari waliochomwa kwa wiki 24 walipoteza kama kilo 3 za mafuta, wakaongeza kama kilo 3 za misuli, utendaji wa insulini ukapanda kwa asilimia 32 kwenye kipimo cha maabara, na bado HbA1c haikusogea. Kioo kilionyesha mabadiliko, kipimo cha sukari hakikuonyesha.

Bei yake sasa. Damu kuwa nzito ndiyo ya kwanza: kule Australia, asilimia 22 ya waliochomwa walivuka kiwango cha hatari cha chembe nyekundu, asilimia 54 ya damu, dhidi ya asilimia 1 upande wa pili. Mmoja kati ya watano, kwenye jaribio linalosimamiwa kwa makini. TRAVERSE nayo iliona mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni na figo kuumia ghafla vikiwa vingi kidogo kwa waliopaka, na mifupa kuvunjika pia, jambo lililowashangaza hata waliotarajia mifupa iimarike.

Bei nyingine haisemwi sana dukani. Testosteroni inayotoka nje huuambia ubongo kwamba ipo ya kutosha, LH hunyamaza, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Mwanamume anayetafuta mtoto asiiguse. Wengi hurudiwa na mbegu wakiacha, lakini baada ya miezi, wengine zaidi ya mwaka. Kwa huyo daktari anaweza kufikiria dawa za kuamsha LH badala ya kuizima, kama klomifeni, japo kwa wanaume hutumika nje ya kibali chake cha kawaida.

Ukishaamua kuitumia, aina nazo zinatofautiana. Jeli hutoa kiwango kisichoyumba na unaweza kuisimamisha leo ukipata tatizo, lakini ni ya kila siku, na ukimbeba mtoto au kulala na mke ngozi ikiwa bado na dawa, homoni inahamia kwao. Sindano fupi za kila wiki moja au mbili ni rahisi kupatikana, lakini zinakupandisha kilele kisha zinakushusha bondeni, na ndizo zinazonenepesha damu haraka. Ile ya muda mrefu huchomwa kila wiki 10 hadi 14, kwa utulivu, ila ikishaingia kwenye msuli haitolewi. Vidonge vya kizamani vya methilitestosteroni viache, vinaumiza ini.

Kama ningekuwa mimi

Ninalolitaka lingeamua. Kama shida kubwa ni hamu ya tendo na kipimo kiko chini kweli mara mbili, testosteroni ina ushahidi mzuri hapo, mzuri kuliko wake wa sukari. Kama shida ni uume kutosimama kwa mtu mwenye kisukari cha miaka, ningepunguza matarajio: hapo mishipa ya damu na ya fahamu ndiyo imeumia, na homoni haiikarabati.

Kama shida ni sukari, na LH ni ya kawaida, ningejipa miezi sita ya njia ya kitambi: vyuma mara tatu, usingizi, kukoroma kupimwe, na kama mlo peke yake umeshanishinda huko nyuma, dawa ya kupunguza hamu ya kula bila aibu. Testosteroni ningeiongeza baadaye kama uzito umeshuka asilimia 7 au zaidi na kipimo cha asubuhi bado kiko chini pamoja na dalili. Hapo ningekuwa nimefanana na wanaume wa Australia.

Wa 6 nmol/L asingesubiri miezi sita. Angepimwa LH wiki hiyohiyo, angeanza tiba kama imethibitika, na kupunguza uzito kungekwenda sambamba.

Na yule bwana wa 52 akichagua sindano, kabla ya ya kwanza apime wingi wa chembe nyekundu za damu na PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kisha arudie vyote baada ya miezi mitatu hadi sita pamoja na HbA1c. Akikuta chembe nyekundu zimepita asilimia 54 ya damu, anasimamisha hadi ishuke. Akitaka kuacha kabisa, ajue kuna wiki kadhaa za uchovu na hamu kupotea huku korodani zikisubiri kuamka, na kipimo atakachochukua katika wiki hizo kitasomeka chini kuliko hata kile cha 9.5 alichoanza nacho.